Mwisho wa Hadithi ya Mama Pamba

Mgeni rasmi, mtafiti wa historia ya vitabu na maadili ya uchapishaji, sisi washona magodoro tunakukaribisha kwa mikono miwili. Keti hapo kwenye godoro jipya, viti hatuna. Pamba inayoelea mbele ya macho yako isikusumbue. Ikikuingia puani, piga chafya tu, hapa hakuna anayeshtuka.

HISTORIA
Anayesinzia pembeni yako ni Mama Pamba, bibi yetu sote kwa kazi na wawili wetu kwa damu. Tangu usichana wake alikuwa akichambua pamba huku akisimulia kisa cha mwanamke aliyeuza usingizi wake. Kila mara mikono ilipunguza mwendo, sauti ikashuka, na kabla kisa hakijaisha karakana nzima ilikuwa inakoroma, msimulizi mwenyewe akiongoza.

Siku moja alikuja bwana mmoja na kinasa sauti. Alisikiliza mpaka pale mwanamke anaporudi kugonga mlango wa mnunuzi, amrudishie usingizi wake. "Halafu, bibi?" akauliza. Bibi akamjibu kwa kukoroma. Bwana yule hakurudi. Kilichorudi ni kitabu chenye jina lake yeye, na mwisho aliojitungia: mwanamke anafia mlangoni.

MAFANIKIO
Kitabu kimesomwa shuleni miaka nenda miaka rudi. Watoto wetu wamekifanyia mtihani wakafaulu. Tulifurahi, tusiseme uongo.

CHANGAMOTO
Binti yake alipomsomea ukurasa wa mwisho, Mama Pamba aliweka pamba chini. "Amekufa? Mbona mimi nilimwacha mzima?" Tangu hapo hajasimulia tena. Inamuuma, na sisi inatuuma. Tunalala vibaya, mgeni rasmi, sisi wenye magodoro!

OMBI
Umetuambia kitabu kinachapishwa upya, na kwamba mchapishaji yuko tayari kukusikiliza. Tunaomba jina la bibi yetu likae kwenye jalada. Lakini jana tulipomuuliza mwenyewe anataka nini, alisema, "Jina wekeni mtakapo. Yule mwanamke mtoeni mlangoni."

Mwisho wenyewe hatuujui. Hakuna kati yetu aliyewahi kuufikia akiwa macho. Ndiyo maana leo sote tumekunywa kahawa kali.

Risala ilikuwa ndefu zaidi, ila tunaikatiza, maana Mama Pamba amefumbua macho na anakutazama. Mungu akulinde wewe na kazi yako. Washa kinasa sauti, mgeni wetu, umwulize taratibu: "Halafu, bibi?"

Ni sisi,
Washona Magodoro wa Karakana ya Uani