Lori Lisilotikisika

Muuguzi aliyetoka zamu alitaka kusinzia kidogo kwenye treni, lakini wanaume wawili waliokaa mbele yake hawakumpa nafasi. Mmoja alikuwa fundi wa michezo ya kompyuta, na siku hiyo alitakiwa kukabidhi lori la kurusha roketi alilolitengeneza kwa ajili ya mchezo wa vita. Jirani yake, dereva mstaafu wa malori, alichungulia kompyuta iliyokuwa mapajani mwa fundi bila kualikwa.

"Mwanangu, roketi kumi na mbili zimetoka na lori limetulia kama maji mtungini. Lina springi kweli?"

"Mzee, wachezaji hawaangalii springi."

"Mimi nimeangalia. Na dereva wake yuko wapi?"

"Hayumo."

"Basi huko vitani limefikaje?"

Fundi akakuna kichwa. Muuguzi, ambaye usingizi ulikwisha mruka, aliona mzee ameuliza la maana.

Treni iliposimama, wanaume hao walishuka wakibishana. Mzee akachuchumaa pale pale kituoni, akainuka na kushuka kuonyesha nyuma ya lori inavyozama kila roketi inaporuka. Fundi naye akachuchumaa, akasema roketi nyepesi hazizamishi hivyo. Milango ya treni ikafungwa, na kupitia dirishani muuguzi akawaona wote wawili, kila mmoja akidunda kwa namna yake.