Jani Lililomshinda Swala

Sogeeni, wanangu. Niinulieni mto huu, na pazia liacheni wazi, maana ninayowaambia leo nataka myasikie huku mkiyatazama. Pumzi iliyobaki ni kidogo na sitaitumia kuwabembeleza.

Mnauona ule ukanda wa bustani unaotoka chini ya dirisha hili mpaka langoni? Jua linaupiga tangu asubuhi hadi linapozama, udongo wake ni kokoto tupu, na swala wakishuka kutoka kichakani huanzia hapo hapo. Baba yenu aliponileta nyumba hii, nilipanda kila kizuri nilichokiona kwa jirani, swala wakala chote, nikabaki na vijiti. Mchagua nazi hupata koroma. Ndipo nikajiwekea desturi ambayo nyinyi mliicheka mbele ya wageni: sipandi kitu mpaka nimetafuna jani lake. Likinishinda mimi, litamshinda swala. Hivyo ndivyo nilivyopata kivumbasi kwa ukali wa harufu yake, na shubiri, na kile kichaka cha majani yenye manyoya ambacho mpaka leo sikijui jina, nilikichagua kwa sababu kilinikwama kooni. Havikuniomba maji. Vilishika udongo, mvua kubwa ikapita, na ukuta wa nyumba haukupata ufa.

Sasa wewe, kifungua mimba wangu. Tulikuita Bosi kwa utani, ukalichukua jina kwa dhati. Nililazwa hospitali, nawe ukamleta dalali apige picha nyumba, akakwambia bustani ile inafukuza wanunuzi, ukang'oa kila kitu ukapanda mawaridi. Mama yako hajafa, unamuuzia kitanda. Na wewe kitinda mimba usiinamishe kichwa kana kwamba hukuwapo, jembe ulilishika wewe. Nimerudi nikakuta nini? Miiba na vinyesi vya swala. Hata kuyatafuna hayo mawaridi kwanza hamkutafuna, mngejua kwamba ni matamu. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na mimi nililea, ndiyo maana jambo hili liliniuma, na linaniuma hata sasa, wala sitawadanganya kwamba limepoa.

Mkamwana, toka hapo nyuma ya mlango, njoo nikuone. Huyu mke wa Bosi, mnayesema ana kiburi kwa kuwa hasemi sana, ndiye aliyeokota jalalani vipande mlivyovitupa, akavichomeka kwenye makopo ya rangi nyuma ya bafu, akavitunza kimya kimya mpaka nikarudi.

Basi shikeni wosia wangu, na mjumbe wa mtaa aliyekaa hapo ni shahidi. Nyumba ni yenu nyinyi wawili, sawa kwa sawa, msije mkagombana juu ya maiti yangu. Lakini ukanda ule, kutoka dirishani mpaka langoni, na njia inayoupitia, ni mali ya mkamwana peke yake. Dalali akirudi, mwambieni hakuna mlango mwingine wa kuingilia nyumba hii. Ukitaka kuuza, Bosi, utampigia mkeo magoti.

Nipeni maji... hapo, yanatosha.

Mvua za kwanza zikianguka, rudisheni vilivyomo kwenye makopo, yeye aelekeze, nyinyi mchimbe. Kaburini msinipandie waridi, sitaki swala wanikanyage. Na sasa, mkamwana, wakatie kipande cha shubiri kila mmoja. Tafuneni hapa, nione.

Kitinda mimba, umemeza. Mungu akupe moyo wa kukataa unapotumwa ubaya, na watoto wako wakuheshimu.

Bosi, umetema. Nilijua. Mpe kingine.

Nakubariki na wewe... mkono wangu uko wapi, niwekeeni kichwani pake... nakubariki, ingawa nina hasira nawe, nakufa nayo. Usiwe mtu wa kuuza... pazia, nani amefunga pazia...

Tafuna, baba. Tafuna.