Gripe Moja kwa Mapacha Wawili

Jina la Bwana litukuzwe kati yetu, ndugu zangu, baba na mama wa jumuiya hii ya Katuba. Mimi ni Kyungu. Wengi wenu mnaijua sauti yangu katika kwaya ya wamama, na wengi mnanichanganya na pacha wangu Kabange, yule aliyekaa benchi la tatu. Kwetu Waluba pacha wa kwanza ni Kyungu, wa pili ni Kabange. Tulizaliwa Kamina, watoto wa fundi wa reli, na sasa tumefika miaka sitini na tisa. Waume zetu walitutangulia kwa Mungu, basi tukarudi kukaa nyumba moja kama mwanzo.

Kabange ni mzima. Bado anapanda gari kwenda Kasumbalesa, kule mpakani, kununua vitenge, na anarudi na mzigo wake kichwani. Mimi nina ugonjwa wa sukari mwaka wa tisa sasa, na moyo wangu nao umechoka. Asubuhi vidonge, jioni vidonge. Ndugu zangu, nilichoka. Mwezi wa sita nilipoanza novena, zile sala za siku tisa, niliuambia moyo wangu kwamba mtu mwenye imani ya kweli hamshiki Mungu kwa mkono mmoja na vidonge kwa mkono mwingine. Hakuna aliyenifundisha vile, si padri wala mhubiri. Nilijifundisha mwenyewe. Nikavificha vidonge chini ya nguo, ndani ya sanduku. Kila siku Kabange, ambaye huniita yaya kwa kuwa nilimtangulia kuzaliwa, aliniuliza, "Yaya, ulikunywa dawa?" Nami nikamjibu, "Nilishakunywa."

Nilikuwa nikisema uongo huo na rozari ikiwa mkononi.

Siku za kwanza nilijisikia mwepesi, nikaona Mungu amenikubalia. Kisha ikaja kiu. Nilikunywa maji na kiu ikabaki palepale. Miguu ikawa kama ya mtu mwingine. Nilisema ni baridi ya kiangazi tu, itapita.

Mwezi wa saba Kabange alirudi kutoka Kasumbalesa akikohoa. Ilikuwa homa ya mafua, ile tunayoiita gripe, na mjini ilikuwa imewashika wengi. Nilimpikia uji, nikamfunika blanketi, tukala sahani moja kama tulivyozoea tangu utoto. Siku mbili baadaye ikanishika na mimi. Ilikuwa homa ileile na kikohozi kilekile, mifupa ikituuma sote wawili. Kabla ya wiki kuisha, Kabange alikuwa anafagia uwanja na kuimba. Mimi sikuweza kuinua kikombe.

Alinitandikia mkeka nje, karibu na ukuta, nipate jua. Mnalijua jua letu la mwezi wa saba, halichomi, linakugusa tu kama mkono wa mtu mwenye huruma. Vumbi jekundu lilikuwa linaelea juu yangu na halishuki. Sauti za majirani zilinifikia kutoka mbali, kana kwamba wote wamehamia ng'ambo ya mto. Nilisikia gari-moshi, ingawa pale kwetu reli haiko karibu. Nikalifuata.

Likanifikisha Kamina. Mama yetu, aliyekufa miaka mingi, alikuwa anatuogesha sisi wawili katika beseni moja. Maji yalikuwa vuguvugu, na mvuke mweupe ulipanda hadi nisiuone uso wake. Akamtoa mtoto mmoja, akamfunga ndani ya kitenge. Mwingine akabaki majini, ametulia, akiwaangalia. Sikujua yupi kati yao ni mimi. Na sikuogopa, ndugu zangu. Leo nikikumbuka kwamba sikuogopa, ndipo mwili unanisisimka. Nilikuwa naondoka polepole, vizuri, kama mtu anayesinzia katika misa ya mchana.

Kisha tone la maji liliniangukia shavuni. Nilidhani ni la beseni. Lilikuwa chozi la Kabange. Alikuwa ameinama juu yangu, akinipangusa uso na kusema peke yake, "Ni miye. Ni miye nilikuletea hii maladi ya gripe. Mungu anisamehe, namuua yaya yangu."

Ndilo neno lililonirudisha. Niliona wazi, kama mtu aliyefunguliwa dirisha, kwamba nikienda vile nitamwachia pacha wangu uongo wangu aubebe mpaka kaburini, na yeye ataubeba akidhani ni dhambi yake. Nilitafuta pumzi. Ilikuwa mbali. Nikasema, "Kabange, haiko weye. Dawa nilishaacha. Tangu novena."

Nilingojea anigombeze. Aliuliza neno moja tu: "Ziko wapi?"

"Mu sanduku."

Akaingia ndani, akatoka na vidonge vyote ndani ya kitambaa, akamwita jirani yetu mwenye teksi. Kabla ya adhuhuri tulikuwa hospitalini. Munganga aliyetupokea, daktari, alikuwa mama kijana, mwenye sauti ya chini. Kabange aliweka kitambaa juu ya meza yake na kumwambia yote, hata ile aibu yangu. Wakanipima sukari, wakasikiliza kifua. Gripe ilikuwa imeshuka mapafuni. Wakanitia maji ya mshipa na dawa ya sukari, wakaniwekea oksijeni puani.

Nikiwa nimelala pale nilimsikia Kabange akiuliza, "Munganga, gripe ilitukamata siye wote wawili, na tulizaliwa siku moja. Juu ya nini miye nilipona, na yeye iko hivi?"

Munganga akamjibu, "Mama, gripe iko moja, lakini mibili yenu haiko sawa. Uzee peke yake unapunguza nguvu ya kupigana. Sukari inapunguza tena, na moyo wake ulishachoka. Halafu homa yenyewe inapandisha sukari. Vyote vinasaidiana kumwangusha. Kama haungesema juu ya dawa, tungechelewa."

Kwa sababu Kabange alikuwa bado anakohoa, walimkataza kuingia chumba cha wagonjwa wazee. Siku ya tatu nilifungua macho, nikaona nyuma ya kioo cha dirisha uso wangu mwenyewe, mtulivu, unanitazama. Nikasema moyoni, basi, nimekwisha kutoka mwilini, naangaliana na nafsi yangu. Mwanga ulikuwa mweupe kila mahali. Kisha uso ule ukapiga chafya. Nikajua ni Kabange, nami niko hai. Nilicheka mpaka kikohozi kikanikata, na munganga aliyekuwa anapita alisimama, akasema, "Sasa naamini utarudi ku nyumba."

Nilirudi. Sijawa kama zamani. Kutoka kwangu hadi kanisani napumzika njiani mara mbili, na kuimba naimba nimekaa. Vidonge nakunywa mbele ya Kabange. Munganga alituambia wazee wenye sukari, wenye moyo mbaya na wenye pumu waulize chanjo ya gripe inapopatikana, na wasikae kungojea homa iishe yenyewe. Mgeni mwenye kikohozi tunamsalimia uwanjani, na hakuna anayekasirika.

Ndugu zangu, siku zote za novena ile nilimweleza Mungu kila kitu, na kila kitu alikuwa anakijua. Aliyekuwa hajui ni pacha wangu, na ndiye mkono ambao Mungu alikuwa ameuweka ndani ya nyumba yangu kuniokoa. Namshukuru Bwana aliyenifungua kinywa wakati pumzi ilikuwa ndogo vile. Namshukuru Kabange, ambaye mpaka leo hajanigombeza.

Na wewe baba, wewe mama, unayeacha dawa kimyakimya na kuiita imani, mtumaini Bwana kuliko nilivyomtumaini mimi. Usingoje kufika pale nilipofika. Kuna mtu wa kwako amekaa karibu nawe sasa hivi. Kabla hatujaimba, mwambie.