Bilha Nanjala, Mlezi wa Kambare Wachanga

Bwana mchungaji, chifu wetu, wazee wa ukoo, jamaa na marafiki, mimi ni Hesbon, mdogo wake marehemu, na jamaa wamenituma niwasomee maisha ya dada yetu Bilha Nanjala, lakini mnivumilie nikisoma mbio, kwa sababu stima imepotea tangu asubuhi, na jenereta inayoendesha hii maiki ndiyo iliyokuwa ikisukuma hewa kwenye matangi ya samaki wake hapo nyuma ya nyumba. Anayeuliza mbona binti yake Edinah hayuko kiti cha mbele, Edinah yuko huko, anakoroga maji kwa mikono. Mimi nilikataa jenereta itolewe huko, kamati ya mazishi ikaniambia ati samaki wangoje, wageni ni wengi. Haya, tuendelee.

Bilha alizaliwa tarehe 14 Machi 1969 hapa Kibabii, akiwa kifungua mimba wa marehemu Mzee Jairus na Mama Phelista, ambaye tuko naye hapa, akasoma shule ya msingi ya hapa karibu hadi mwaka wa 1983, kisha akaenda Kitale kwa shangazi, akamaliza kidato cha nne mwaka wa 1987.

Mwaka wa 1991 aliajiriwa katika kituo cha kuzalisha samaki huko Kitale, akapanga nyumba Kibomet, akajifunza kazi iliyomnyima usingizi maisha yake yote, maana kambare akitoka kwenye yai si samaki bado, ni kauzi kenye macho, hana mdomo, hana mapezi, anaishi kwa kiini alichozaliwa nacho tumboni, halafu polepole mdomo unafunguka, sharubu zinatokea, mapezi yanagawanyika, na mwishowe anaota kiungo cha kuvutia hewa, akapanda juu ya maji, akameza pumzi kama kambare mkubwa. Katikati ya kubadilika huko ndiko wanakofia, kwa sababu mwili wa kwanza hautoshi tena na wa pili haujakamilika, na hewa ya majini ikipungua wanaisha wote. Dada akipigiwa simu ibadani alitoka mbio, nasi tukamcheka kwamba amezaa watoto elfu.

Tarehe 11 Desemba 1993 alifunga ndoa na shemeji yetu Khisa, huyu hapa mbele, ambaye aliwahi kuniambia, bana, mimi nilioa mwanamke na tangi lake, wakajaliwa Edinah tarehe 6 Mei 1998. Mwaka jana alistaafu, akarudi nyumbani kujenga matangi yake mwenyewe, na mara mbili samaki wakafa wote katika kubadilika, akalia jikoni kama aliyefiwa.

Presha ilimwanza mwaka wa 2023, ikaingia figo. Tarehe 30 Agosti mwaka huu alimkamua kambare jike mayai ya mwisho kwa mikono yake, yakaanguliwa kesho yake, jioni hiyo akazidiwa, akalazwa hospitali huko Kitale, na kila tulipoingia wodini hakutaka kuongea habari za ugonjwa, aliuliza tu, wamepanda juu? Akatuacha Ijumaa tarehe 5 Septemba, na bado hawajapanda.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani walioleta kuni na maji, wenzake wa kazi kutoka Kitale, na nina majina mengi hapa, lakini namwona Chelimo, aliyefanya naye kazi miaka yote, amesimama pale pembeni ananionyesha kwa mkono kwamba wameanza kulala chini, jamani, wanalala chini, na mimi nimesimama hapa nasoma majina! Hapana. Kamati mniwie radhi, mchungaji atahubiri kwa koo lake, na kwaya tangu lini ikahitaji spika. Rotich, wewe mwenye mahema, zima hiyo jenereta, shika upande mmoja, Chelimo ashike mwingine, mpelekeeni Edinah sasa hivi, mimi nitamalizia kwa mdomo.

Mnanisikia huko nyuma? Basi sogeeni. Wewe dada, pumzika, na wao wapumue.