Uhuru wa Kusema Murakoze

Ndani ya basi la kwenda Gahanga, Zubeda fundi cherehani alikaa nyuma ya watu wawili wasiojuana: bwana mmoja mwenye tai na Kiswahili cha Kampala, na mama aliyepakata kapu la mboga. Walikuwa wanabishana juu ya kijana wa YouTube aliyekamatwa juzi kwa kurusha video ya nyumba zilizobomolewa na serikali.

"Ule ni uchochezi," alisema Bwana Tai kwa sauti ya kutangaza. Mama akamuuliza, "Kwani wewe uliiona?" Akajibu, "Mimi sifunguangi vitu kama hivyo."

Zubeda aliguna. Huyu angekusimulia utamu wa chakula ambacho hata sufuria yake hajaiona.

"Mama, hapa kila mtu iko huru kusema," aliendelea yule bwana. "Mimi nasema kila siku kwenye grupu ya mudugudu, mtaa wetu wote umo. Kiongozi akituma tangazo, naandika murakoze."

Mama alicheka mpaka kapu likatikisika. "Asante! Na asiyeandika asante anapigiwa simu kuulizwa kama anaumwa! Haya mheshimiwa, wewe uliye huru, taja jina la huyo kijana. Jina tu."

Bwana Tai aligeukia dirisha. Mama akawageukia waliokaa nyuma, "Basi nyinyi?" Zubeda alimdharau Bwana Tai kwa moyo wote, mwoga mkubwa na tai yake. Jina lenyewe yeye alilijua vizuri. Ndiye aliyemshonea kijana yule suti ya harusi.

Basi liliposimama, Zubeda alikuwa bado ameinama, anatafuta kadi ya nauli iliyokuwa mkononi mwake.