Kicheko na Waya za Ubongo

Kijiwe chenyewe ni kiti cha nyuma cha gari lililokwisha kujifia, kimeegemezwa ukutani nje ya duka la fotokopi, na springi moja imechomoza pembeni kumkaribisha mgeni. Kila alasiri, muuza kahawa akishatua birika lake, wanaume huketi hapo kutatua matatizo ya dunia, na dunia, bahati yake njema, haina habari nao. Yupo Profesa, aliyekaa chuoni mwaka mmoja na robo, akawa anaisimulia ile robo mpaka leo. Yupo Injinia, fundi wa simu. Simu ikiingia mkononi mwake na ugonjwa mmoja hutoka na miwili. Yupo Dalali, muuzaji wa viwanja ambako hata kunguru hajawahi kutua. Wa nne ni fundi cherehani wa mlango wa pili, wanayemwita Kicheko. Siku hiyo Kicheko alikuja na shida moja tu, nayo alikuwa ameikalia tangu asubuhi kama aliyekalia msumari: alitaka mmoja wao amsindikize kliniki.

Alipanga aseme kahawa ikishamiminwa. Profesa akamwahi, simu mkononi.

— Jamani, mambo yamefika mwisho! Siku hizi wanatoboa fuvu, wanapitisha waya hadi ndani ya ubongo, betri wanaizika hapa kifuani. Mtu alikuwa anatetemeka kama kifuniko cha sufuria, anatulia tuli!

— Betri? — Injinia akaruka. — Chaji yake ya waya mnene au mwembamba?

— Na umeme ukikatika? — Dalali akauliza. — Si mtu anaganda katikati ya barabara, mguu mmoja juu?

— Ndiyo maana wahenga wakasema haraka haraka haina baraka, — akasema Profesa, na hakuna aliyeuliza haraka ipi.

Kicheko akamwona mtu huyo akilini, mguu juu, magari yanampigia honi, akacheka. Akacheka tumboni kabisa. Ila kicheko hakikupanda. Uso ulibaki umefungwa kama duka siku ya mapumziko.

— Mtazameni huyu, — akasema Dalali. — Kanuna. Siku hizi hata utani haumfikii.

— Maringo hayo, — Profesa akahukumu. — Tangu ashone suti za harusi ya yule tajiri, sisi kwake ni vitambaa vya kufutia miguu.

— Sijanuna, — akasema Kicheko.

— Sema kwa sauti, bwana! Au na sauti nayo unaiuza kwa mita?

Akajikaza.

— Nimetoka kliniki ya mishipa ya fahamu. Mkono wa kushoto umekuwa mzito. Nguo hainyooki tena chini ya sindano, inakwenda inakojua yenyewe. Daktari kanigongesha vidole, kanitembeza kwenye korido, kaniambia niandike sentensi. Nimeanza na herufi kubwa, nikamaliza na sisimizi.

Watatu wakasogea karibu. Mgonjwa wa kwao wenyewe! Waya zilikuwa zimepata kichwa.

— Wamekupiga picha ya ubongo? — akauliza Profesa.

— Wamepiga. Imetoka safi. Daktari anasema ugonjwa anaoushuku si lazima uonekane kwenye picha ile.

— Picha safi, ubongo mgonjwa! — Injinia akajipiga paja. — Mashine imezeeka hiyo. Wangeniuliza mimi. Ubongo ni simu tu, ndugu zangu. Unauzima, unauacha upoe, unauwasha.

— Na kumbukumbu zake? — akauliza Dalali.

— Unazihamishia kwenye kadi kwanza. Mtoto wa juzi anajua hilo.

— Mimi naogopa rimoti, — akasema Dalali. — Waya lazima uwe na rimoti. Sasa mke akiishika? Anabonyeza, mume anafua. Anabonyeza, mume anaomba radhi na kosa halijui.

— Hilo dogo, — akasema Profesa. — Miaka si mingi, shahada watakuwa wanazimimina kwa waya. Mtu analala bila kitu, anaamka daktari.

— Basi na wewe utamaliza! — akasema Injinia.

— Mcheka kilema hafi bila kumfika, — Profesa akajibu kwa hasira, akimtazama Kicheko, ambaye hakuwa amesema neno.

— Tena waya zinataka nafasi, — Dalali akaendelea. — Nafasi ni kiwanja. Nitakuwa nakata viwanja humo humo kichwani. Cha Injinia naanza nacho, hakijajengwa kitu.

Kicheko akacheka tena kwa ndani. Kisha akaona kahawa inapungua vikombeni, akasema haraka:

— Daktari anataka mtu. Kasema nirudi Alhamisi na anayeniona kila siku. Kuna mambo mwenyewe siyaoni. Nikitembea, mkono unapunga au unaning'inia? Sauti ilianza kupotea lini? Uso ulibadilika lini? Dawa zipo, tena zinasaidia, lakini kwanza aujue ugonjwa na mwanzo wake. Marehemu mke wangu angemjibu yote. Watoto wako mbali, wananijua kwa simu. Mnaoniona ni nyinyi.

Muuza kahawa akaongeza makaa.

— Daktari gani anahoji majirani? — akasema Injinia. — Huyo askari kanzu.

— Mimi Alhamisi nina mteja wa kiwanja.

— Mimi harufu ya hospitali inanipandisha presha, — akaongeza Injinia.

— Ningekwenda, — akasema Profesa, — lakini nikifika nitabishana na daktari, nitamvunja moyo bure. Kidole kimoja hakivunji chawa.

— Basi twendeni wote, — akasema Kicheko.

Wakanywa kahawa. Waliinywa kwa bidii ambayo laiti wangekuwa nayo kazini.

Hapo ndipo alipofika mpangaji mpya, mama aliyehamia juzi kwenye chumba kilichopakana na cha Kicheko, ameshika sketi iliyokatika zipu.

— Shikamooni.

— Marahaba, — akaitika Profesa. Dalali hakuitika, alijihesabu kijana bado.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone! — akasema Dalali. — Karibu uketi, dada, utuamulie. Waya ukiingia ubongoni, rimoti akae nayo nani?

Mama akaketi, springi ikampokea, akasimama.

— Mimi ya ubongo siyajui. Nauliza jingine, kwa kuwa mimi mgeni. Huyu fundi mnamwita Kicheko kwa nini?

Ah! Kila mmoja akataka kujibu yeye.

— Huyu akicheka, mama, mbwa wa mtaa wa pili wanabweka!

— Wateja wangu walikuwa wanadhani nimefungulia redio!

— Hiyo springi iliyokuchoma, yeye kaivunja kwa kucheka!

Profesa akajaribu kukiiga kicheko hicho, Injinia akamsahihisha, Dalali akawashinda wote kwa kupiga ukuta kwa viganja. Mama akangoja wamalize.

— Mimi na yeye ukuta wetu ni mmoja, na sijamsikia hata siku moja. Aliacha lini?

— Aliacha... — Profesa akaanza.

— Kwani ameacha? — akauliza Injinia.

— Si alicheka juzi, ile mechi? — akasema Dalali.

— Ile mechi ulisema kanuna.

— Basi mwaka jana.

— Mwaka jana si ndipo tuliposema ana maringo?

Wakageuka, wakamtazama fundi usoni. Kicheko akangoja jibu kwa hamu kubwa kuliko mama. Yeye asingeweza kusaidia: kwa upande wake hakuwa ameacha kucheka hata siku moja.

— Hilo ndilo swali la daktari, — akasema, kwa sauti ile ile ndogo, na safari hii hakuna aliyemwambia apaaze.

Muuza kahawa akainua birika, akalitikisa. Tupu. Profesa akakohoa.

— Hiyo Alhamisi... saa ngapi vile?

— Saa mbili asubuhi.

— Nitaangalia ratiba yangu, — akasema Profesa, mtu ambaye kazi yake ya mwisho kwenye ratiba ilikuwa kufukuzwa chuo.

Kicheko akacheka. Akacheka kweli kweli, mpaka mbavu zikamuuma na machozi yakamlenga. Wale watatu wakamwangalia, wakatazamana, wakakubaliana kwa macho: kanuna tena.