Walinzi wa Ukimya

Chini ya dirisha la Soli, fundi viatu, pana benchi letu la kahawa. Na asubuhi hiyo tulikabidhiwa kazi moja tu, kulinda ukimya. Ndani, bintiye alikuwa akifanya mtihani wa mwisho wa uuguzi kwa kompyuta, wa chuo ambacho hakuwahi kukanyaga lango lake. Kompyuta ilimkazia macho na kusikiliza chumba: ikisikia sauti ya mtu mwingine, mara ya kwanza huonya, mara ya pili huufunga mtihani. Onyo lilikwisha kutolewa, kwa kikohozi cha baba. Ndipo Soli akatoka na leso mdomoni, akatuomba tukeshe naye saa moja, kama ile Bwana aliyowaomba wanafunzi wake bustanini, usiku wa kukamatwa kwake. Tukaapa. Kahawa ikamiminwa polepole.

— Inasikia mpaka huku nje? — alinong'ona Kinyozi.

— Inasikia hata tumbo likinguruma, — akajibu Betri, fundi simu. — Ukipepesa kope mara tatu, imeshakuandika mwizi.

— Acha zako!

— Haki ya Mungu! Na ikishaijua sauti yako, inaiweka. Kesho inampigia mkeo, anaitika.

— Mke wangu? Haitiki hata nikimwita mwenyewe!

— Jamani, chini kidogo, — alisihi Soli. — Miaka mitatu mwanangu kajifungia humo. Ikifunga leo, yote imekwenda.

— Mzee wangu, sikutishi. Ila nakuuliza, huyo mwalimu wao, kuna aliyemwona?

— Wewe Betri, Mungu umemwona? — akadakia Kinyozi.

— Usimtie Mungu kwenye waya!

— Nani kamtia? Wewe ndiye...

Sauti zilikwisha kupanda. Nami, niliyehubiri mara nyingi kwamba ulimi ni kiungo kidogo kiwashacho msitu mzima, niliwaka ghadhabu takatifu. Nikapiga benchi ngumi, nikanguruma kama niko mimbarini:

— Nyamazeni!

Wakanyamaza. Ndani, kiti kikaburutwa sakafuni.

Dirisha likafunguka. Binti hakulia, uso wake ulikuwa mkavu kama karatasi.

— Shikamooni. Baba, imefunga.

Soli akaketi chini, palepale vumbini.

— Imebakiza swali moja, — akasema binti, akinitazama mimi. — Inataka jina la aliyekuwa akinisaidia. Niandike nani?

Nikainama juu ya makaa ya jiko la kahawa, nikiota moto. Hapo ndipo tulipoulinda ukimya.